Milisekunde 16: Utafiti wa vyuo vikuu nyuma ya michezo ya video

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliokuja kuona watoto wenu wanasomea nini, wakubwa shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Siku hizi ukitaja akili mnemba, watu wanakaa mkao wa kusikia habari za programu inayoandika barua na kuchora picha. Mimi leo nakaa kwenye tawi la zamani zaidi, lisilo na makelele, ambalo kila kijana humu ndani amelitumia bila kulijua. Linaitwa utafutaji. Unacheza gemu la vita, unabonyeza mahali kwenye ramani, askari wako 40 wanaondoka, wanauzunguka mto, wanapita darajani, wanafika. Hapo katikati kuna kazi imefanyika. Kompyuta imepekua maelfu ya miraba, ikachagua njia, na imefanya hivyo huku skrini inachorwa upya mara 60 kwa sekunde. Gawanya sekunde moja kwa 60: unapata milisekunde 16 na ushei kwa kila fremu. Humo humo kuna kuchora picha, kupiga sauti, kusoma kidole chako kiko kwenye kitufe gani. Utafutaji njia unaachiwa makombo.

Ninachotaka kuwaeleza ni kwamba makombo hayo ndiyo yaliyouchangamsha utafiti. Vyuo vikuu vilikuwa na mbinu nzuri za utafutaji kwa miongo mingi. Zilipolazimishwa kuitii saa ya mchezo, ndipo maswali mapya yalipozaliwa, na baadhi ya majibu yake leo yanatumika mbali kabisa na michezo.

Tuanze na mwaka 1968. Pale Stanford Research Institute, California, kulikuwa na roboti wa magurudumu aitwaye Shakey, jina alilopewa kwa sababu alitikisika akitembea. Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael walihitaji njia ya kumpitisha kati ya vizuizi. Tayari palikuwa na mbinu ya Mholanzi Edsger Dijkstra, iliyochapishwa mwaka 1959, inayosambaa pande zote kutoka ulipo mpaka ilipate lengo. Inafika, na njia inayoleta ni fupi kuliko zote, ila inapekua hata nyuma ya mgongo wako, mahali ambapo mtu mwenye macho asingehangaika napo. Watatu hawa waliongeza makadirio. Kwa kila mraba unachukua gharama uliyokwisha kulipa kufika hapo, unajumlisha na makadirio ya safari iliyobaki, kisha unaufungua kwanza mraba wenye jumla ndogo. Sharti ni moja: makadirio yasizidi ukweli. Ukilitimiza, imethibitishwa kihisabati kwamba njia utakayopata haina fupi kuliko yenyewe. Mbinu hiyo ni A*, na mpaka leo ndiyo mama wa karibu kila kitu nitakachokitaja.

Shakey hakuwa na haraka. Aliweza kusimama akafikiri, na hakuna mtu aliyemzomea. Askari wa gemu akisimama akafikiri, mchezaji anazima mashine.

Sasa twende Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada. Chuo Kikuu cha Alberta kina historia ndefu na michezo. Jonathan Schaeffer na wenzake walianza mwaka 1989 kutengeneza programu ya drafti iitwayo Chinook, na mwaka 2007 walitangaza kwamba wameumaliza mchezo huo: pande zote mbili zikicheza bila kosa, matokeo ni sare. Nafasi zinazowezekana kwenye ubao huo ni kama 5 ikifuatwa na sufuri 20. Wale wa vijiweni msije juu, sheria za drafti hiyo ni tofauti na zenu; kingi wake anakwenda mraba mmoja mmoja, harushwi kutoka kona hadi kona.

Na kwa kuwa naona wazee wa bao humu, niseme hili kwa haraka. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit, Amsterdam, waliumaliza awari, ndugu wa bao anayechezwa Afrika Magharibi. Kompyuta ilikagua nafasi bilioni 889, na jibu lilikuwa sare vilevile. Bao letu la mashimo 32 na kete 64 limechunguzwa na watafiti wa Maastricht, huko huko Uholanzi, lakini halijamalizwa. Bingwa wa bao anaweza kulala usingizi.

Turudi Edmonton. Mji huo huo ndiko ilikoanzishwa kampuni ya BioWare mwaka 1995, watengenezaji wa Baldur's Gate na baadaye Dragon Age. Chuo na studio vikawa majirani, na ujirani huo ukazaa matunda. Mwaka 2004 Adi Botea, Martin Müller na Schaeffer walichapisha mbinu yao ya kutafuta njia kwa ngazi, wakiipima kwenye ramani za Baldur's Gate. Wazo lenyewe mtu wa kawaida analijua. Ukitoka Tanga kwenda Mbeya, huanzi kwa kuwaza kona ya kila mtaa. Unawaza Segera, Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako. Kona za mitaa utazijua ukifika. Ramani ya gemu inagawanywa katika vipande, milango kati ya kipande na kipande inaorodheshwa mapema pamoja na umbali wake, kisha safari inapangwa kwanza kwa milango. Hatua ndogo ndogo zinajazwa baadaye, kipande kimoja kimoja, kadiri askari anavyosonga. Kwenye majaribio yao mbinu hiyo ilikuwa na kasi hadi mara 10 ya A* iliyonolewa vizuri, na njia zake baada ya kunyooshwa zilizidi zile fupi kabisa kwa asilimia 1 tu.

Hiyo asilimia 1 ndiyo habari yenyewe. Kwa mwanahisabati, kuacha ubora uliothibitishwa ni kupoteza kitu cha thamani. Kwa mchezaji, askari kuchelewa hatua moja kati ya 100 ni kitu ambacho hakipo. Studio ilikuwa inakiambia chuo: kile mnachokilinda kwa jasho sisi hatukihitaji, tunahitaji jibu la haraka, na memori kidogo. Memori hasa. Wengi wanasahau kwamba mashine za michezo za miaka ile zilikuwa na memori finyu, na wachoraji walikuwa wameshaichukua karibu yote.

Nathan Sturtevant, aliyesomea utafutaji kwa undani na kufanya kazi Alberta, alipewa tatizo hilo kwa ajili ya Dragon Age: Origins, gemu lililotoka mwaka 2009. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 2007, kabla gemu halijatoka. Aliikata ramani katika sekta za miraba 16 kwa 16, na ndani ya kila sekta akatenganisha maeneo ambayo huwezi kutoka moja kwenda jingine bila kupita nje ya sekta. Ukuta ukiikata sekta katikati, sekta moja inakuwa na maeneo mawili. Kinachohifadhiwa ni maeneo hayo na nani anapakana na nani, kwa baiti chache chache. Vingine vyote vinakokotolewa upya vinapohitajika. Ni utafiti wa kubana matumizi, kwa kweli, na sioni haya kusema kwamba ndio ninaoupenda.

Upande mwingine wa chuo hicho hicho, Vadim Bulitko na wenzake walikuwa wanauliza swali gumu zaidi: vipi ikiwa askari lazima apige hatua sasa hivi, kabla njia nzima haijajulikana? Richard Korf alikuwa ametoa jibu la msingi mwaka 1990. Unatazama hatua chache mbele, unakwenda panapoonekana pazuri, na kila ukipita mahali unasahihisha makadirio yako kuhusu mahali hapo. Kinadharia utafika tu. Kwa vitendo, mpeleke askari huyo kwenye ukuta wenye umbo la U. Lengo liko ng'ambo ya ukuta, makadirio yanamwambia umbali ni hatua mbili, kwa hiyo anaingia ndani ya U. Anagonga. Anarudi hatua moja, anaona pale alipotoka sasa panaonekana pabaya kidogo, anarudi tena mbele. Anakwenda na kurudi, kushoto na kulia, akipandisha makadirio ya miraba ile pole pole, mpaka shimo lote lijae ndipo anatoka. Algorithimu, yaani kanuni ya hesabu, iko sahihi kabisa na askari anaonekana ametiwa wazimu. Bulitko na wenzake walichapa kazi nyingi kupunguza kupapasa huko, na ukitazama makala zao utaona kitu adimu katika sayansi ya kompyuta: mtu anapima jinsi jambo linavyoonekana machoni, kwa sababu mchezaji akicheka mahali pasipo pa kuchekesha, gemu limeharibika.

Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko algorithimu yoyote kati ya hizi. Sturtevant alizikusanya ramani za michezo, za Dragon Age: Origins, Baldur's Gate II, Warcraft III na StarCraft, akaziweka wazi kwa yeyote, pamoja na orodha za matatizo: anzia hapa, ishia pale, urefu wa njia fupi ni huu. Makala iliyozieleza ilitoka mwaka 2012. Kabla ya ramani hizo kuwekwa wazi, mara nyingi mtafiti alijichorea ramani zake, akatangaza kwamba mbinu yake imeshinda. Alishinda nyumbani kwake, refa akiwa yeye mwenyewe. Baada ya hapo mabishano yaligeuka vipimo. Mwenye mbinu mpya aliulizwa: kwenye ramani zile zile, imekwendaje?

Tazameni kilichotokea Australia. Mwaka 2011 Daniel Harabor na Alban Grastien walikuja na mbinu ya kuruka miraba, na nitaomba tukae nayo kidogo maana ina kitu cha kuona kwa macho.

Chukua chumba kitupu. Unataka kwenda hatua 10 kulia na hatua 10 juu, bila kwenda mshazari. Kuna njia ngapi fupi? Zote zina hatua 20, tofauti ni mpangilio tu: kulia kulia juu, au juu kulia kulia, na kadhalika. Jibu ni 184,756. Zote zina urefu ule ule. A* haijui kwamba zinafanana. Inazipa alama sawa, kwa hiyo inapekua miraba ya chumba kizima kama mtu aliyepoteza funguo. Hata ukiruhusu mshazari, safari ya hatua 3 za mshazari na 4 za kunyooka ina mipangilio 35. Harabor na Grastien walisema: tuweke kanuni, mshazari kwanza, kunyooka baadaye, na mpangilio mwingine wowote tuutupe. Kisha ukitembea mahali peupe usisimame kabisa. Songa mbele, mraba kwa mraba, bila kuandika chochote, mpaka ukute kona ya ukuta, yaani mahali ambapo kizuizi kimeishia na mlango mpya umefunguka pembeni ambao usingefikika vizuri kwa njia nyingine. Hapo tu ndipo unapoandika jina la mraba. Kati ya kona na kona, ni kuruka.

Njia inabaki kuwa fupi kuliko zote, hakuna maandalizi ya mapema, hakuna memori ya ziada, na kasi inaongezeka mara 10 na zaidi. Walipima kwenye ramani za michezo. Nimewahi kuwaona wanafunzi wakiielewa mbinu hii ubaoni, na sura zao husema kitu kimoja: mbona hakuna aliyeiona kwa miaka 40? Walikuwa wanaitazama A* kama kitu cha jumla, kinachofanya kazi kwenye mtandao wowote wa barabara. Gridi tupu ya miraba, yenye njia nyingi pacha, ni ugonjwa wa michezo, na ugonjwa hutibiwa na anayeishi nao.

Mpaka hapa nimezungumzia askari mmoja. Wakiwa wengi mambo yanaharibika. Wawili wanakutana uso kwa uso kwenye ujia mwembamba, kila mmoja anamsubiri mwenzake, na vita vyote vinasimama kwa adabu. Mwaka 2005 David Silver, aliyekuwa Alberta, alipendekeza muda uongezwe kwenye ramani: mraba huu, saa hii, umeshikwa na fulani. Anayepanga baadaye anaona nafasi zilizoshikwa na anapita pembeni yake, au anasubiri. Ni nzuri na ya haraka, ila aliyepanga kwanza anaweza kumfungia mwingine njia. Ukitaka mpango bora wa wote kwa pamoja, hesabu inatisha: kila mmoja ana machaguo 5, pande nne na kusubiri, hivyo watu 10 wana mchanganyiko 9,765,625 kwa hatua moja tu.

Mwaka 2012 Guni Sharon, Roni Stern na Ariel Felner kutoka Israel, pamoja na Sturtevant, walipata njia ya kuukwepa mlima huo. Kila mtu apange peke yake kana kwamba wengine hawapo. Kisha tafuta mgongano wa kwanza. Ukiupata, gawanya dunia mara mbili: katika ya kwanza, huyu amekatazwa kuwa pale wakati ule, katika ya pili, amekatazwa yule. Panga upya kwa aliyekatazwa tu, endelea. Watu wasipogongana sana, kazi ni ndogo. Leo tatizo hili linasomwa sana kwa sababu ya maghala ya roboti, yale ambamo mashine fupi zinabeba rafu nzima na kuzipeleka kwa mfungaji vifurushi. Amazon iliinunua kampuni ya Kiva, iliyotengeneza roboti hao, mwaka 2012. Roboti wa ghala na askari wa Warcraft wana shida moja ya ujia mwembamba.

Utafutaji wenyewe hauishii kwenye barabara. Mwaka 2005 lilitoka gemu la F.E.A.R., na wachezaji waliwashangaa maadui wake: wanajificha, wanaruka dirishani, wanakuzunguka. Jeff Orkin, aliyewatengeneza, alichukua wazo la mwaka 1971 kutoka maabara ile ile ya Shakey, akaiachia A* itafute mfululizo wa vitendo badala ya mfululizo wa miraba. Ana bunduki tupu, anataka adui afe. Vitendo gani vinaunganisha hapa na pale? Chini ya mpango huo kila askari alikuwa na hali 3 tu za msingi. Akili yote ilikuwa kwenye utafutaji.

Alberta nao walifanya hivyo kwa StarCraft, gemu la mwaka 1998. Unaanza na wafanyakazi 4 na madini 50. Ujenge nini kwanza ili upate jeshi mapema? David Churchill na Michael Buro, mwaka 2011, walionyesha programu inayotafuta mpangilio wa ujenzi wenyewe wakati mchezo unaendelea, na roboti wao UAlbertaBot, yaani programu inayocheza yenyewe, alishinda mwaka 2013 mashindano ya AIIDE, ya programu zinazocheza StarCraft. Kanuni za mashindano hayo zinanifurahisha: roboti wako akitumia zaidi ya milisekunde 55 kwenye fremu zaidi ya 320, umeshindwa. Akichukua zaidi ya sekunde 10 kwenye fremu moja, umeshindwa palepale, hata kama jeshi lako limeshaingia kwenye lango la adui.

Najua swali linalokuja, kwa hiyo acha nilijibu kabla halijaulizwa. Je, mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, haijaua haya yote? Mwaka 2016, Seoul, AlphaGo, programu ya mchezo wa ubao uitwao Go, ilimshinda bingwa Lee Sedol michezo 4 kwa 1. Mmoja wa vinara wa kazi ile ni yule yule David Silver wa askari kwenye ujia, aliyepata udaktari wake Alberta mwaka 2009. Na ndani ya AlphaGo kuna utafutaji wa mti wa hatua zinazowezekana, kwa kubahatisha, mbinu iliyotoka mwaka 2006 kwa kazi ya Rémi Coulom, na ya Levente Kocsis na Csaba Szepesvári. Mtandao wa neva unaiambia mbinu hiyo tawi gani linastahili kutazamwa. Utafutaji ndio unaotazama. Ni makadirio yale yale ya mwaka 1968, safari hii yakiwa yamejifunza kwa kucheza. Mbinu hiyo hiyo ya mti imeingia pia kwenye gemu la Total War: Rome II, la mwaka 2013, kumwendesha adui kwenye ramani kuu ya kampeni. Huko nako ilikuwa vita na saa, kwa sababu mchezaji anayengoja zamu yake ikamilike ana uvumilivu mfupi.

Kwa anayetaka kuanza, ramani zile za Sturtevant bado ziko wazi, na hazihitaji mashine ya bei mbaya. Kila ramani ni faili la maandishi. Juu kabisa kuna aina, urefu na upana; chini yake ni herufi. Nukta ni sakafu unayoweza kukanyaga. Alama ya @ ni nje ya ramani. Herufi T ni miti. Ukilifungua kwenye programu yoyote ya kuandikia utaona kumbi za Dragon Age zimelala mbele yako, kuta na milango, kwa nukta tupu. Ramani ya 512 kwa 512 ina miraba 262,144. Laptopu ya kawaida inaimudu. Andika A* kwanza, uhakikishe urefu wako unalingana na ule ulioandikwa kwenye orodha ya matatizo mpaka desimali za mwisho. Usipolingana, mara nyingi utakuta umeruhusu askari akate pembe ya ukuta kwa mshazari, jambo ambalo kanuni za ramani hizo haziruhusu. Rekebisha hapo, kisha uweke saa.

Tuna muda wa maswali. Aliyeinua mkono pale nyuma tangu niliposema bao halijamalizwa, nimekuona mzee wangu. Anza wewe.